Baraza la Chuo likishatuma rambirambi, lifungue na faili la ujenzi

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, huku Lindi simu hazikupumzika. Kila mtaa una kijana wake mwenye fremu, meza au angalau kibarua Kariakoo. Waliofukiwa chini walikuwa wakiwasiliana na waokoaji kwa simu, wakipelekewa hewa, maji na glukosi. Waliokufa walizidi 20. Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wa kwetu Ruangwa, akaunda tume ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo.

Kwenye msiba wa namna hii barua za taasisi hazikawii. Barua ya tanzia unaijua hata kabla hujaifungua: nembo juu, kisha Baraza la Chuo, Menejimenti, wafanyakazi na wanafunzi wamepokea kwa masikitiko makubwa, Mungu azilaze roho za marehemu mahali pema, sahihi, mhuri. Sizibezi barua hizo. Taifa likifiwa, chuo kikikaa kimya tutakisema.

Lakini misiba haifanani. Alipofariki Mzee Mkapa, Julai 2020, nchi iliomboleza siku 7, bendera zikawa nusu mlingoti, na Lupaso kule Masasi ikapokea watu wasiohesabika. Baraza la Chuo lingefanya nini zaidi ya kuomboleza na wenzake? Hata MV Nyerere ilipopinduka Septemba 2018, chuo kisicho na meli hakikuwa na la kujikagua. Kariakoo lilianguka jengo. Na vyuo vyetu vya umma, wakati huohuo, vilikuwa vinajenga kuliko wakati wowote ninaoukumbuka.

Fedha nyingi za ujenzi huo zinatoka kwenye mradi wa HEET, wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Sisi watu wa Lindi tumo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapata kampasi hapa kwetu, ya mambo ya kilimo. Nilifurahi niliposikia na bado nimefurahi. Mtoto wa Nachingwea au Liwale aliyetaka chuo kikuu cha umma amekuwa akipanda basi miaka yote hii, na mvua ikiwa mbaya, kama Mei 2024 kilipopita kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar inakatika na basi halifiki. Kwa hiyo asije mtu akasema napinga kampasi. Wala sisemi jengo lolote la huko lina kasoro. Nasema habari ya mwenye jengo.

Mwenye jengo ni nani? Tazama kibao cha mradi kwenye lango la ujenzi wowote wa chuo. Kuna mkandarasi, kuna mhandisi mshauri, na kuna mshitiri, yaani mwenye kazi. Mshitiri ni chuo, na kauli ya mwisho ya chuo kuhusu bajeti, ardhi na mikataba mikubwa iko kwa Baraza. Makamu Mkuu wa Chuo anawajibika kwa wajumbe wake. Sasa watu hao wakikaa kikao baada ya Kariakoo, ajenda ya kwanza ikawa kusimama dakika moja kuwakumbuka marehemu na ya pili ikawa maendeleo ya ujenzi kwa asilimia, hapo ndipo ninapogombana nao. Hizo zilipaswa kuwa ajenda moja.

Nieleze kwa nini naona hivyo, na hapa nitakaa kidogo. Majuzi nilisimama kwenye nyumba inayojengwa Mtanda, wanamwaga zege la slabu. Jua la saa sita, vijana wamepanga mstari, ndoo zinapanda. Zege likawa zito. Saidia fundi mmoja akachota maji kwenye pipa akamimina kwenye mchanganyiko, lishuke kirahisi. Fundi akamwona, hakusema kitu, na nilimwelewa: vibarua wanalipwa kwa siku na slabu lazima iishe siku ileile. Ila maji yale yanakula nguvu ya zege, na kwa macho huwezi kuyaona likishakauka. Ongeza mchanga wa pwani, ambao usipooshwa una chumvi, na chumvi ikikutana na nondo inaanza kazi yake taratibu, miaka kumi, kumi na mitano. Nje umepiga lipu na rangi safi.

Dawa yake haina siri. Zege linapomwagwa, sehemu inajazwa kwenye vyuma vya mchemraba, sentimita 15 kila upande. Mafundi wanaviita kyubu. Baada ya siku 7 baadhi vinapondwa kwenye mashine kupima nguvu, vingine siku ya 28. Majibu yanaandikwa. Kwa hiyo kwenye mradi unaosimamiwa sawasawa karatasi hizo zipo, kwenye faili la mhandisi mshauri, na Baraza lina haki ya kuziomba hata kesho. Ninachotaka baada ya msiba kama wa Kariakoo ni Baraza liziombe, lilete mhandisi wa nje asiye na mkataba na mradi huo azisome, kisha majibu yabandikwe pale langoni, chini ya kibao.

Kwa nini langoni? Kwa sababu ya mabweni ya Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yalifunguliwa Aprili 2017, yakigharimu shilingi bilioni 10, yakiwa na uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840. Desemba mwaka huohuo zikasambaa picha za nyufa. Wakala wa majengo wa serikali ukaeleza kuwa ni nafasi zilizoachwa makusudi jengo lipate kutanuka. Kitaalamu jambo hilo lipo. Lakini maelezo yalikuja baada ya hofu, na mwanafunzi aliyesambaza picha alijikuta mikononi mwa polisi. Michoro ingekuwa ukutani tangu siku ya kwanza, ikionyesha nafasi hizo ziko wapi, nani angeshtuka? (Methali ya ufa na ukuta naiacha, mnaijua.)

Najua nitakachojibiwa: mradi una tarehe ya mwisho, ukisimamisha kazi wiki mbili mkandarasi anadai fidia, fedha zisipotumika zinarudi. Ni kweli, na ndiyo maana uamuzi huo hauwezi kuachiwa mhandisi wa chuo ambaye bosi wake anataka asilimia zipande. Baraza ndilo linaloweza kubeba lawama ya kuchelewa. Wajumbe wake hawalali kwenye mabweni hayo.

Wanafunzi ndio watalala. Bahati nzuri mabaraza ya vyuo vyetu yana viti vya wawakilishi wa wanafunzi, na wengi wanaokalia viti hivyo nimewasikia wakipigania boom (fedha za kujikimu za mkopo) na ada tu. Ombeni ripoti za siku 28, jengo kwa jengo, kabla ya kikao kijacho. Mkiambiwa ni siri, hakikisheni muhtasari unaandika kwamba mliomba, na nani alikataa.