Maabara ndogo, RAM kubwa: tununue, tukodi au tubadili programu?

Kazi ikifa usiku haiachi maelezo. Unaingia maabara asubuhi, unagusa kibodi, na kwenye skrini unakuta neno moja tu la Linux: Killed. RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hutandaza kazi yake, iliisha, mfumo ukatafuta mlaji mkubwa kuliko wote ukamfukuza, na mlaji mwenyewe ndiyo ile programu uliyoisubiri siku mbili. Hapo ndipo wazo la kununua mashine yenye RAM kubwa huzaliwa, na kwa kawaida huzaliwa vibaya. Mtu aliyechoka huandika kwenye ombi la fedha tarakimu yoyote inayotisha, terabaiti moja au mbili, kadiri mfadhili atakavyovumilia.

Nachukua mfano wa maabara ya jenomu (DNA yote ya kiumbe), kwa kuwa ndiyo kazi ninayoiona kwa karibu na ndiyo inayokula RAM kwa fujo. Kuunganisha vipande vya jenomu ni kama kukabidhiwa gazeti lililochanwachanwa, nakala thelathini zikiwa zimechanganyika, ukaambiwa ulirudishe lilivyokuwa. Unahitaji sakafu ya kutandaza vipande vyote kwa pamoja. Sakafu ikiwa finyu utavirundika, na kila unapotafuta kimoja utafukua rundo zima. Ndiyo maana ushauri wa "tumia SSD, ile diski ya kuhifadhia, kama RAM ya akiba" hauponyi kitu hapa: RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100, wakati SSD nzuri huhitaji makumi ya mikrosekunde. Kazi ya siku mbili itageuka ya miezi, kama itaisha.

Lakini sakafu kubwa kiasi gani? Programu ya STAR, inayopanga data ya RNA ya binadamu, hutaka GB 30 hivi. Waandishi wa hifiasm, programu ya kuunganisha jenomu, waliripoti GB 114 kwa jenomu ya binadamu yenye besi (herufi za DNA) bilioni 3.1, na GB 699 kwa mti wa redwood wa California, ambao jenomu yake inakaribia besi bilioni 30. Sasa njoo Ziwa Victoria. Kamongo, yule samaki anayepumua hewa ambaye Waganda humwita mamba, kwa vipimo vya uzito wa DNA anakadiriwa kuwa na besi bilioni 130, zaidi ya mara arobaini ya mimi na wewe. Ukizidisha kwa uwiano mtupu kutoka kwenye ule mti, unafika terabaiti tatu. Ni hesabu ya kidole, lakini inaonyesha jambo: maabara moja ya Mwanza au Kisumu inaweza kuwa na kazi ya GB 30 Jumatatu na kazi ya GB 3,000 Ijumaa. Hakuna mashine moja ya bei ya kibinadamu inayozitosha zote mbili.

Kwa hiyo upande wa kwanza, wa wanaosema usinunue RAM, una hoja nzito. Programu hukonda. Kraken 2, programu inayotambua DNA ni ya kiumbe gani, ilipotoka mwaka 2019 ilitumia RAM pungufu kwa asilimia 85 kuliko Kraken ya kwanza. Aliyenunua seva nzima kwa ajili ya ile ya zamani alibaki na kabati la gharama. Anayeshindwa kuendesha STAR anaweza kuhamia HISAT2, ambayo kwa jenomu hiyo hiyo ya binadamu hutosheka na chini ya GB 8. Tena kuna vifo vya kazi ambavyo havihusiani na mashine kabisa. SPAdes, kwa mfano, nayo ya kuunganisha jenomu, imewekewa kikomo cha GB 250 isipokuwa uiambie vinginevyo. Nimeona watu wakilalamikia seva ya GB 512 kuwa ndogo, kumbe programu ilijifunga yenyewe kabla ya kufika nusu.

Kabla ya kuomba hata senti, pima. Endesha kazi yako kwa robo ya data, kisha nusu, ukitanguliza amri ya /usr/bin/time ikiwa na -v. Mwishoni itakuonyesha RAM iliyotumika ilipofika kileleni. Ukiwa na namba mbili utaona mlima unapanda kwa kasi gani. Ni kazi ya mchana mmoja, na bado maombi mengi ya fedha niliyoyasoma hayana namba hiyo.

Hata hivyo, wanaosema "badilisha programu" husahau kwamba mtafiti hachagui daima. Mhakiki wa jarida atataka ulinganishe matokeo na njia zilizozoeleka, na hifadhidata zinanenepa kila mwaka hata programu zikikonda. Ukishapima na ukakuta kilele chako cha kawaida kiko kati ya GB 200 na 400, mashine unaihitaji.

Ipi sasa? Kishawishi cha kwanza ni kompyuta ya mezani. Ni tulivu, ina udhamini, na prosesa za Ryzen za kizazi cha karibuni hukubali GB 192 kwa stiki nne za GB 48. Wauzaji hawakuambii kuhusu milango. Fikiria ghala lenye makuli kumi na sita na milango miwili: makuli wengi watasimama foleni mgongo mtupu. Chaneli za RAM ndiyo milango hiyo, na viini vya prosesa ndio makuli. Ryzen 7000 ina mbili tu, na ukijaza nafasi zote nne kasi rasmi ya RAM hushuka kutoka 5200 hadi 3600. Yaani ulipolipia RAM zaidi ulifinya milango, ukabaki na kama GB 58 kwa sekunde. EPYC, prosesa ya seva, ya mwaka 2019, yenye RAM ya aina ya DDR4 ya kasi 3200 na chaneli nane, hupitisha GB 204.8. EPYC ya mwishoni mwa 2022 ina chaneli kumi na mbili za DDR5, GB 460.8 kwa sekunde, lakini bei yake tuiache kwa wenye nazo.

Ndiyo maana macho yangu huenda kwenye seva za mtumba, zile zilizostaafishwa na vituo vya data vya Ulaya na Marekani. EPYC ya 2019 yenye stiki nane za GB 64 inakupa GB 512, milango yote ikiwa wazi, na kama ubao wake una nafasi kumi na sita, nane zinabaki za kesho. Usijaze stiki nne kubwa ili kuokoa nafasi. Umeziba nusu ya milango. Na usinunue RAM kwa kuangalia maandishi ya "DDR4" peke yake: seva hutaka RDIMM, stiki za aina ya seva, na ile ya kompyuta ya kawaida haifanyi kazi humo hata kama imeingia kwenye nafasi.

Faida nyingine ya seva ni ECC, RAM inayosahihisha biti (ile 0 au 1) iliyopinduka. Wapo wanaoiona anasa. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya stiki zikipata hitilafu ndani ya mwaka. Na kuna kisa cha Schaerbeek, Ubelgiji, kwenye uchaguzi wa Mei 2003: mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada, namba ambayo ni mbili ikizidishwa yenyewe mara kumi na mbili, yaani thamani kamili ya biti moja ya hesabu, ikaonekana maelezo ya karibu zaidi ni biti moja iliyogeuka. Kura ziligunduliwa kwa sababu zilizidi kiwango kinachowezekana. Besi moja iliyogeuka ndani ya bilioni tatu nani ataigundua?

Mac Studio ya Machi 2025, iliyotoka ikiwa na hadi GB 512, nayo hutajwa sana. Milango yake ni mipana ajabu, GB 819 kwa sekunde, na haipigi kelele. Lakini RAM haiongezeki baada ya kununua, na programu nyingi za jenomu zimeandikwa kwa ajili ya Linux na prosesa za x86, si za aina ya Apple. Kwa mtu mmoja, labda. Kwa maabara inayogawana mashine, sioni.

Mtumba una madhambi yake, tusidanganyane. Seva nyembamba hunguruma kama mashine ya kusaga. Iweke ofisini na hakuna atakayepokea simu. Inataka kiyoyozi, inataka UPS inayobeba mzigo halisi, na umeme ukikatika saa ya arobaini ya kazi ya saa arobaini na nane, utakumbuka kwamba wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, lingekuvumilia. Udhamini ni neno la muuzaji.

Na wingu? Kwa Amazon, mashine ya GB 1,024 hukodishwa takriban dola 8 kwa saa katika vituo vyao vya Virginia. Cape Town, walikofungua mwaka 2020, bei iko juu zaidi. Saa 300 kwa mwaka ni dola 2,400, na kwa kazi ya namna hiyo kununua seva ni ubishi. Ukiiacha ikiwaka mwaka mzima ni zaidi ya dola 70,000. Kati ya namba hizo mbili ndipo uamuzi ulipo, lakini dola si kizuizi pekee. Terabaiti kadhaa kwenye intaneti ya chuo ni wiki nzima ya kupandisha. Ruzuku ninazozijua hulipia kifaa kwa urahisi kuliko ankara ya kila mwezi. Tena kamongo hana faragha, mgonjwa anayo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inaweka masharti ya kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Kwa hiyo kama maabara ingeniuliza, ningesema: seva ya mtumba yenye GB 512 za ECC kwa kazi za kila wiki, na kamongo akija, akodiwe mashine ya wingu kwa muda wake. Ninachosita ni zile nafasi nane nilizoziacha wazi. Kwa miaka mingi ilikuwa busara kungoja, maana RAM ilizoea kushuka bei. Mwishoni mwa 2025 mambo yakageuka: vituo vya akili mnemba vikaanza kuvuta RAM yote, watengenezaji wakipunguza DDR4, na Desemba hiyo Micron, mmoja wa watengenezaji hao, ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya kuuzia wateja wa kawaida. Stiki nane za pili leo zinaweza kugharimu kuliko nane za kwanza, na zikiingia, kasi yote itashuka kutoka 3200 hadi 2933. Mwenye kilele kilichopimwa cha GB 350 ningemwambia aziache wazi. Mwenye GB 480 na data inayokua, azijaze siku hiyo hiyo ya kununua.