Kura 27 za Nuuk

Mei 26, 2015, bunge la Greenland, Inatsisartut, lilipigia kura ndoa ya jinsia moja. Wabunge 27 waliafiki. Hakuna aliyepinga.

Huwa naitaja kura hiyo ninaposikia kwamba jamii ndogo iliyojitenga haibadiliki, au kwamba haki hizi ni mambo ya kuletewa tu. Denmark ilikuwa imeruhusu ndoa hizo tangu 2012, ila sheria yake haikugusa Greenland, kisiwa kilicho chini ya taji lake lakini chenye bunge lake, mpaka Nuuk, mji mkuu wa Greenland, yenyewe iridhie. Ikaanza kutumika Aprili 1, 2016. Na watu hawakuwa wamekaa kuisubiri: gwaride la kwanza la Pride, la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, lilifanyika Nuuk mwaka 2010, likakusanya takriban watu 1,000 katika mji ambao wakati huo ulikuwa na wakazi kama 15,000. Ukiandamana kwenye mji wa namna hiyo, shangazi yako atakuona, na bosi wako pia.

Sasa tazama Visiwa vya Faroe, ambavyo navyo viko chini ya taji la Denmark na idadi ya watu wake inakaribiana na ile ya Greenland, elfu hamsini na kitu. Huko dini ina mkono mrefu kwenye siasa. Mwaka 2010 waziri mkuu wa Iceland, Jóhanna Sigurðardóttir, ambaye ni mwanamke, alifika kwa ziara rasmi akiwa na mke wake, na mbunge wa Faroe, Jenis av Rana, akasusa chakula cha jioni kilichoandaliwa kwa heshima yao. Ndoa ya jinsia moja ilipita huko 2016 kwa kura 19 dhidi ya 14. Kwa hiyo tusisingizie udogo wala umbali. Kinachoamua ni nani anasikilizwa.

Lakini sishangilii sana hizo kura 27. Greenland ina watu wapatao 56,000, na hakuna barabara inayounganisha mji na mji. Unasafiri kwa ndege, helikopta au boti. Mfikirie kijana wa miaka 17 anayependa wa jinsia yake, katika kijiji cha watu mia mbili. Muuguzi ni jirani yao, mwalimu ni binamu wa mama, na dukani ni kulekule anakokwenda kila mtu. Amwambie nani siri yake? Akifikisha umri, sheria itamruhusu kuoa, ila kwanza apate wa kumpenda, na hapo wengi huona bora wapande ndege ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Wakiondoka, kijiji kinaendelea kusema, tena kwa dhati kabisa, kwamba kwetu watu wa namna hiyo hawapo.

Ndiyo maana naona harakati za huko zisiishie Nuuk. Gwaride lina raha yake, sikatai. Ila ningeanza na simu ya ushauri inayopokelewa kwa Kigreenland, na mtu asiyejuana na familia ya anayepiga, kisha semina za walimu wa vijijini, nauli ikiwa imelipwa.