Choo Kimejaa, Barabara Imelainika

Aisee, anayewaambia kwamba Ulaya majira ya baridi yakiisha ni maua na ndege wanaimba, huyo anakaa Paris. Mimi nakaa Pello, kaskazini ya Ufini, Mstari wa Aktiki tumeshaupita, mto Tornio uko mbele ya nyumba na ng'ambo ni Uswidi. Hapa Aprili inaisha theluji bado ipo gotini upande wa kivuli, na miti haitoi jani mpaka Juni inabisha hodi. Dada yangu Tanga kila akipiga simu: "Kaka, si umesema baridi imeisha? Tutumie picha ya maua." Maua gani, dada? Kilichochomoza uani kwangu mpaka leo ni mavi ya mbwa wa jirani ya tangu Novemba, barafu imeyatunza vizuri tabaka kwa tabaka, pamoja na glovu ya mtoto ambayo tulimgombeza mwezi mzima kwamba kaipoteza shuleni.

Mniwie radhi, baridi mimi nilishaizoea. Ikishuka nyuzi 30 chini ya sifuri unavaa, unatulia, kila kitu kimeganda mahali pake na hakuna wa kumsumbua mwenzake. Balaa ni kuyeyuka.

Sisi wa Tanga tope tunalijua. Lakini tope la masika lina adabu, linakuja na mvua na linaondoka na mvua. Hili la huku linatoka chini. Ardhi imeganda kwenda chini mita nzima na zaidi, jua linayeyusha juu tu, maji yakitaka kuzama yanakuta barafu imefunga mlango. Basi barabara yetu ya changarawe inakuwa uji uliomwagwa kwenye sahani. Gari likipita, matairi yanachora mifereji. Usiku inaganda, asubuhi unaendesha ndani ya reli ambayo hukuichagua, inakupeleka kwa jirani.

Na hapo ndipo choo kikaamua kujaa.

Huku kijijini hatuna mabomba ya majitaka ya serikali, kila nyumba na shimo lake, na gari huja kunyonya. Nikapiga simu. Dada wa watu akanijibu kwa upole kabisa: barabara yenu imewekewa kibao, mwisho tani 12, gari letu likishiba linazidi. Nikamuuliza, sasa itakauka lini? "Inategemea." Yaani mimi mtu mzima, mwenye mke, watoto na leseni ya kuendesha gari, haja zangu zinategemea hali ya hewa!

Nyumbani tumetangaza hali ya dharura. Kuoga ni sauna tu, maji ndoo moja. Mke wangu kazaliwa hapa, hana wasiwasi. Anasema kuna choo cha nje, kile cha mbao nyuma ya stoo, babu yake alikitumia maisha yake yote. Ni kweli kipo. Nakiona paa. Mlango uko ndani ya theluji, maana theluji yote ya kwenye bati la stoo humwagika palepale. Na kiti chake ni ile foamu nyeupe inayokuja kwenye boksi la televisheni. Wanasema haishiki baridi. Sijabisha, sijajaribu.

Kulala nako hakuna. Saa nne usiku jua ndiyo kwanza linaaga, watoto wanakataa kulala wakisema wanaonewa, na ushahidi wanao dirishani. Saa kumi na moja alfajiri limesharudi. Wale bata maji wakubwa weupe, ndege wa taifa, wametua kwenye shamba lenye dimbwi wanapiga tarumbeta usiku kucha. Juni jua halitazama kabisa, na mimi niliyelelewa kuhesabu saa tangu jua linapochomoza, hapo nahesabia wapi?

Saa zenyewe nazo zina vituko. Jumapili ya mwisho ya Machi wanazisogeza mbele, haya, tumekubali. Lakini Uswidi wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu yangu jikoni inashika mtandao wa Ufini, sebuleni inashika wa ng'ambo. Sebuleni nimewahi kazini, jikoni nimechelewa. Bosi wangu bahati mbaya anakaa upande wa jikoni.

Ukilalamika, hakuna anayekusikia, kijiji chote kinautazama mto. Barafu itaondoka lini? Wanawekeana dau. Kule Tornio, mtoni chini, tarehe ya barafu kuvunjika inaandikwa tangu 1693, miaka zaidi ya 300, na mimi nikiomba tarehe ya gari la choo naambiwa inategemea. Baba mkwe anasimama ukingoni na kikombe cha kahawa, anaangalia barafu, mimi naangalia barafu, robo saa inapita. Kisha anasema: "Joo," yaani ndiyo. Tunarudi ndani. Jioni anamwambia mke wangu tulikuwa na mazungumzo mazuri.

Sasa leo ni Vappu, Mei Mosi. Huku siku hii wanakula maandazi ya duara yaliyogaragazwa kwenye sukari, hayo siyalaumu, na wanakunywa sima, kinywaji cha limau, sukari na hamira kinachochachuliwa nyumbani. Mke wangu ametengeneza ndoo nzima. Ndoo! Nikamuuliza kwa heshima, mama watoto, hii yote ikishanyweka inaelekea wapi? Akasema wageni hawaji kila siku.

Wamekuja. Shemeji amepaki barabara kuu na kutembea kwa miguu, buti limebaki kwenye tope, amefika na soksi. Amekaa, amesifia sima, ameongezwa, ameongezwa tena. Muda si mrefu akaanza kuchezesha goti, akaniegemea, akaniuliza kwa sauti ya chini choo kiko wapi.

Nimempa koleo.