Kijistari kimoja, kazi tatu

Mpe mwanafunzi wa kidato cha kwanza −3 − 5, hukosi kupata jibu la 8 badala ya −8. Ukimuuliza kalipataje, anajibu bila kusita: "Hasi kwa hasi ni chanya." Mwalimu anakata kosa na kuandika pembeni, "Kuwa makini." Lakini mtoto huyo alikuwa makini. Ametumia kanuni aliyokaririshwa, ila imemfikia ikiwa imepungukiwa neno moja: mara. Hasi *mara* hasi ndiyo chanya, na katika −3 − 5 hakuna kuzidisha.

Shida iko kwenye kijistari chenyewe, kwa sababu kina kazi tatu. Katika 9 − 5 kinasema toa. Katika −5 ni hasi, yaani namba hiyo iko kushoto mwa sifuri. Katika −x kinasema "kinyume cha", na kazi hii ya tatu ndiyo inayopitwa mbiombio. Mwanafunzi akiona −x anaapa kuwa ni namba hasi, maana kijistari si hicho anakiona! Kumbe x ikiwa −4, −x ni 4.

Kosa hili humfuata mpaka kwenye milinganyo ya kwadratiki, ambako kanuni, x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a, huanza na −b. Chukua x² − 7x + 12 = 0. Hapa b, yaani namba inayozidisha x, ni −7, kwa hiyo −b ni 7. Aliyezoea kuona hasi kila penye kijistari anaandika −7 na kuendelea. Anapata b², anatoa 48 kwenye 49, anatafuta kipeuo cha pili, anagawanya kwa 2, vyote sawasawa, kisha anatoka na −3 na −4 badala ya 3 na 4. Ukurasa mzima wa kazi nzuri unaharibika kwa kosa alilolibeba tangu mwanzo wa aljebra, nasi tunamwambia hajui kwadratiki.

Wanaotetea alama moja kwa kazi zote tatu wana hoja nzito. 9 − 5 na 9 + (−5) ni kitu kilekile, na kwa kuliona hilo ndipo tunaweza kuipanga 2x − 3y iwe −3y + 2x bila kuharibu chochote. Marekani, miaka ya 1960, vipo vitabu vilivyopandisha juu kijistari cha namba hasi ili kukitenga na cha kutoa, lakini mtindo haukudumu. Sidai alama zibadilishwe. Alama za + na − zimo vitabuni tangu mwanahisabati Johannes Widman alipozichapisha Leipzig, Ujerumani, mwaka 1489, na hata yeye alizitumia kuonyesha ziada na upungufu katika hesabu za biashara.

Ila vinavyoandikwa sawa si lazima visomwe sawa. Kiswahili kina toa, kina hasi, kina kinyume cha. Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali huyasikia maneno hayo. Akiingia sekondari, hisabati inageuka Kiingereza, na yote matatu yanamezwa na "mainasi". Mainasi tatu mainasi tano: mainasi ziko mbili, basi chanya. Kwa masikio yake, amefuata kanuni.

Walimu wenye madarasa yaliyofurika watasema muda hautoshi, na kanuni ya kukariri inafaulisha. Inafaulisha kweli, pale swali linapofanana na mfano wa ubaoni. Lakini mwanahisabati Brahmagupta, huko India mwaka 628, alizieleza namba hizi kwa mali na deni, na deni halihitaji kipindi kizima. Una deni la shilingi 3,000 dukani, jioni unakopa tena 5,000. Mtoto anayetumwa dukani kila siku hawezi kudhani mwenye duka sasa ndiye anayedaiwa 8,000. Mwache amalize hesabu hiyo ya daftari la madeni kwanza, halafu mwandikie ubaoni −3 − 5 aisome kwa sauti: hasi tatu, toa tano.