Nyanya Fupi Ziachiwe Matawi Yake

Ushauri wa kupogoa nyanya hutolewa mara nyingi kana kwamba nyanya zote zina tabia moja, na naamini wakulima wengi hupoteza mavuno kwa sababu hiyo. Kabla ya kugusa chipukizi lolote, mkulima anapaswa kujua kama amepanda nyanya ndefu, ambazo shina lake huendelea kurefuka na kutoa vichala vipya mradi hali inaruhusu, au nyanya fupi, ambazo hufika kimo fulani, zikaacha kurefuka na kuivisha matunda yake karibu kwa pamoja. Nyanya fupi hubeba sehemu kubwa ya matunda kwenye matawi ya pembeni, hivyo anayeyakata huwa anakata mavuno yenyewe. Kwa hizo yatosha kuondoa machipukizi yaliyo chini ya kichala cha kwanza pamoja na majani yanayogusa udongo.

Nyanya ndefu zina habari nyingine. Katika kila kwapa la jani, yaani pembe kati ya jani na shina, huota chipukizi ambalo likiachwa huwa shina kamili lenye majani, maua na machipukizi yake, na baada ya wiki chache mmea huwa kichaka kisichopitisha hewa, majani hukaa na unyevu kwa muda mrefu, na ugonjwa wa bakajani, unaotia majani mabaka na kuyakausha, huenea kwa urahisi. Ndiyo maana naunga mkono kubakiza shina moja au mawili na kuyafunga kwenye vijiti vya kuegemea au kamba. Hata hivyo, mmea wa shina moja kwa kawaida huzaa matunda machache kuliko ule ulioachwa, ingawa huwa makubwa zaidi na huwahi kuiva. Nyongeza ya mavuno hutokana zaidi na kuwa miche iliyopogolewa inaweza kupandwa kwa kukaribiana, kwa hiyo anayesifu kupogoa bila kutaja nafasi ya kupandia ameeleza nusu tu ya jambo.

Chipukizi lenye urefu wa sentimita 5 hadi 10 huvunjika kwa vidole na kuacha kidonda kidogo, tofauti na lile lililosubiriwa mpaka likadai kisu. Kazi hii ifanywe umande ukishakauka, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, hasa kwa mvutaji wa sigara, kwa kuwa virusi vya batobato vya tumbaku, vinavyotia majani madoadoa, huweza kuhamia kwenye nyanya kupitia vidole.

Ninalolipinga zaidi ni kuuvua mmea majani kwa kudhani kwamba jua litaivisha matunda upesi. Majani ndiyo yanayotengeneza sukari ya tunda, tena tunda lililozoea kivuli likianikwa ghafla huungua na kupata baka jeupe ambalo baadaye huoza. Ncha ya nyanya ndefu nayo ikatwe takriban mwezi mmoja kabla ya msimu kwisha, juu ya kichala cha mwisho, na majani mawili yabakizwe juu yake ili kukilisha na kukipa kivuli.