Wigi langu lilivyogeuka fisi Kolmanskop

Jamani mkienda Kolmanskop kule Namibia msivae wigi, na kama lazima, lifungeni kamba kama godoro juu ya daladala. Langu lilikuwa jipya kabisa, la mkopo, hata rejesho la kwanza sijalipa.

Ule mji ulikuwa wa almasi. 1908 kibarua wa reli anaitwa Zacharias Lewala aliokota jiwe mchangani akampelekea bosi wake Mjerumani, August Stauch, bosi akawa tajiri, Lewala wa watu wala hakufaidi. Wajerumani wakajenga mji jangwani, kiwanda cha barafu, ukumbi wa dansi, hospitali yenye eksirei ambayo mwongozaji anasema iliwachungulia na matumbo vibarua wasije wakameza almasi. Baadae almasi nyingi zaidi zikaonekana huko kusini, watu wakaanza kuhama, ilipofika 1956 hakuna mtu. Sasa hivi mchanga ndo mwenye nyumba, unafungua mlango unakuta umejaa mpaka kiunoni na ukutani rangi bado ipo, ya bluu, inabanduka taratibu.

Mwongozaji akatuambia kuna fisi wa kahawia huwa wanalala humu ndani. Mzee mmoja mtalii, kamera yake lenzi kama bomba la maji, akaanza kunyatia kila dirisha.

Mimi nimepanda dirishani napiga pozi, shosti anasema geuka kidogo, nikageuka, upepo wa Lüderitz, mji wa jirani, huo ukaja na mchanga, nikasikia kichwa chepesiii. Wigi limeruka, likatua chini, likaanza kukimbia peke yake kwenye matuta, linainuka, linainama, linageuka nyuma kama linanicheki. Mzee akapiga kelele "fisi! fisi!" kamera inalia kacha kacha kacha, watu wote wamechuchumaa kimya, mimi juu ya dirisha na twende kilioni yangu ya wiki tatu.

Nikashuka nikatimua mbio nyuma yake. Mwongozaji akanidaka mkono, dada huko ni eneo la almasi, haingii mtu bila kibali. Kaka, almasi kaeni nazo, mi nataka nywele zangu! Akanionyesha bango tu.

Mchana tukaenda Diaz Point, pale baharia Mreno, Bartolomeu Dias, aliposimika msalaba 1488, ng'ambo kuna kisiwa cha Halifax chenye pengwini. Mimi nimejifunga kanga ya shosti mpaka kwenye nyusi. Nani kaja? Yule mzee, hana habari kabisa, kanionyesha picha kwenye kamera, safi, wigi limechanua kwenye tuta, akaniuliza kwa heshima zote eti naonaje, huyu ni dume au jike.

Shosti akadakia kwa Kiswahili: "Jike hilo babu, na linadaiwa."