Barafu ya Aktiki na masika yetu: tope la Ziwa Challa linasemaje

Masika yakikatika mapema, Moshi na Arusha hukosi kusikia kauli mbili. Mmoja anasema ni barafu ya Aktiki, ncha ya kaskazini ya dunia, inayoyeyuka. Mwenzake anajibu kwamba Aktiki haihusiani kabisa na mahindi ya Himo. Ushahidi wa kuwapima wote wawili uko hapa hapa, chini ya Ziwa Challa, mpakani mwa Tanzania na Kenya.

Kwanza utaratibu wenyewe. Maji ya moto yenye chumvi nyingi hutoka tropiki kwenda kaskazini mwa Atlantiki, hupoa, huwa mazito, huzama, kisha hurudi kusini kwa chini: takribani mita za ujazo milioni 17 kila sekunde. Barafu ya nchi kavu ya Greenland ikiyeyuka, maji yake hayana chumvi, ni mepesi, hutanda juu na kuzuia mengine yasizame. Mzunguko ukizorota, joto hubaki kusini, na ukanda wa mvua hulifuata.

Limewahi kutokea. Miaka kama 16,500 iliyopita mapande ya barafu yalimiminika Atlantiki, mzunguko ukadhoofika, na tope la Challa la enzi hiyo linaonyesha ukame mkali. Anayesema ncha ya dunia haituhusu amekosea.

Lakini litazame tope hilohilo kwa karibu. Kila mwaka umeacha matabaka mawili membamba: jeusi la msimu wa mvua, na jeupe la kiangazi chenye upepo, lililojaa maganda ya mwani. Jeupe hunenepa miaka ya La Niña, Pasifiki inapopoa. Mwaka hadi mwaka, basi, waamuzi ni Pasifiki na Bahari ya Hindi. Septemba 2019 barafu inayoelea bahari ya Aktiki ilikuwa miongoni mwa ndogo kabisa tangu setilaiti zianze kuipima mwaka 1979, na bado vuli ya mwaka ule ilifurika, kwa sababu Bahari ya Hindi ilipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia.

Kosa, naona, ni kuchanganya muda. Kujua lini upande mahindi, fuata utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ila mfongo (mfereji wa kumwagilia) wa zege, nduwa (bwawa la kuhifadhi maji) na miche ya kahawa ni mambo ya miaka thelathini, na hapo ncha za dunia zina kauli. Tena kauli yenyewe inatia wasiwasi: modeli nyingi za kompyuta za hali ya hewa zinatabiri mvua kuongezeka Afrika Mashariki, ilhali masika yalianza kupungua miaka ya 1980, na modeli hizo hazikubaliani mzunguko wa Atlantiki utazorota kwa kiasi gani.

Anayeamini modeli peke yake atajenga njia pana ya kutolea maji yanayofurika na nduwa ndogo. Anayeamini masika aliyoyaona yakipungua atafanya kinyume. Njia ikiwa nyembamba, mvua kama za 2019 hubomoa ukingo. Nduwa ikiwa ndogo, utaliona pengo Februari, migomba ya mwisho wa mfongo inapokunja majani. Fedha za ujenzi zigawiwe kote kuwili, njia na nduwa, hata kama mfongo utakuwa mfupi kuliko ulivyopangwa.